Waipa inayoruka-ruka: kabla hujanunua raba ya tatu

Swali: "Shikamoo fundi. Waipa ya upande wa dereva inaruka-ruka na kulia kila inaposhuka, ila ikipanda inapita kimya. Nimebadilisha raba mara mbili ndani ya miezi mitatu, na kila mara inatulia siku chache tu, kisha inaanza tena. Mvua ikinyesha usiku kioo kinabaki na ukungu, taa za magari yanayokuja zinatawanyika na barabara siioni vizuri. Sasa limeongezeka jingine: nikizima, mara nyingi waipa zinasimama katikati ya kioo badala ya kulala chini. Nimeambiwa ninunue mota mpya. Ninunue?"

Marahaba, mwanangu. Mota usinunue kwanza, na raba ya tatu pia iache dukani. Hapo uliposema huioni barabara usiku ndipo penye uzito, kwa hiyo hadi umalize kazi nitakayokueleza, usiendeshe gari hilo kwenye mvua ya usiku. Mengine yote yana dawa, na zaidi ya nusu ya jibu umenipa mwenyewe: inaruka ikishuka, inanyamaza ikipanda. Watu wengi husema tu "waipa mbovu". Wewe umetaja upande, na upande ndio unaotuonyesha pa kushika.

Umeleta malalamiko matatu, na kila moja lina chanzo chake. Yanachanganywa kwa sababu yote yanaonekana kwenye waipa ileile, mtu akabadilisha kitu kimoja akitarajia yote yapone.

Kwanza itazame raba yenyewe kutokea kwenye ncha. Utaona mgongo mpana ulioshikwa na fremu, chini yake shingo nyembamba, halafu mdomo mwembamba unaogusa kioo. Shingo ile ndiyo inayofanya kazi ionekane rahisi. Waipa ikipanda, mdomo hulala nyuma ukiburutwa. Ikifika juu na kugeuka, shingo inapinduka na mdomo unalalia upande wa pili. Ukiwa umelala hivyo, ni ukingo mmoja tu unaogusa kioo, na ndio unaokata maji. Mdomo ukishindwa kupinduka, badala ya kuburutwa unasukumwa. Lowesha kidole, kilaze juu ya kioo kisafi ukivute kuelekea kwako: kinateleza. Sasa kisimamishe wima ukisukume mbele: kinaruka na kulia. Waipa yako ikishuka inafanya hicho hicho.

Vitu vitatu huuzuia mdomo usipinduke: raba iliyokauka na kuwa ngumu, kioo chenye kitu kinachoing'ang'ania, au mkono wa waipa uliopinda. Raba yako ni mpya, basi hilo la kwanza tuliweke kando, ingawa raba iliyokaa miaka kwenye kabati la kioo la duka ikipigwa jua si mpya hata kama haijafunguliwa. Ibonyeze kwa kidole ulaze mdomo wake upande mmoja kisha mwingine. Ukirudi bila ubishi, raba ni nzima.

Tuanze na kioo, kwa sababu kukisafisha hakudai kipuri chochote, na nadhani ndicho kilichoziharibu raba zako mbili. Kimwagie maji kote, kisha usikiguse, tazama tu. Kioo kisafi hulowa chote kama kitambaa. Maji yanatandaa na kushuka kwa pamoja. Kioo chenye mafuta huyakusanya maji matone matone, na penginepo yanaacha viraka vikavu. Utando huo hutokana na moshi wa magari ya mbele yako, lami, utomvu wa miti uliyoegesha chini yake, nta ya polishi ya bodi, na shampuu zenye nta. Huuoni kwa macho mchana. Usiku, waipa inaposambaza maji juu yake, unakuwa ule ukungu unaotawanya taa. Na raba mpya inapopita juu ya utando huo siku mbili tatu, mdomo wake nao unapakwa mafuta yaleyale, mwishowe inafanana na ile uliyoitupa. Ndiyo maana inatulia siku chache tu. (Kama kuna mtu aliyekipaka kioo dawa ya kufukuza maji, matone utayaona pia, dawa hiyo ikichakaa kwa viraka huifanya waipa iruke vilevile, na tiba yake ni kuiondoa yote, kisha ukitaka uipake upya.)

Kuosha kwa maji na sabuni ya kawaida ya gari hakutoshi. Osha kioo kwa sabuni ya vyombo, suuza, kausha. Kisha chukua spiriti kwenye kitambaa safi kisichoacha nyuzi, pangusa eneo dogo dogo, na ugeuze kitambaa kila upande mmoja ukichafuka. Ukipangusa kioo kizima kwa upande uleule unahamisha mafuta tu. Chunga spiriti isidondokee rangi ya bodi wala plastiki. Rudia mtihani wa maji. Kama bado kuna viraka, tafuta polishi maalumu ya kioo, usugue kwa mviringo kwa mkono, kisha suuza sana. Madoa meupe ya maji yenye chumvi hulegea kwa siki iliyochanganywa na maji. Na usisahau ile sehemu ya chini ambako waipa hulala, maana hapo uchafu hujificha, raba ikaubeba kila inapoondoka.

Halafu ingia ndani ya gari. Pitisha kidole kisafi kwenye kioo upande wa ndani. Plastiki ya dashibodi ikipigwa jua hutoa mvuke unaoganda kwenye kioo, na dawa za kung'arisha dashibodi huongeza. Nimewahi kuletewa gari lililobadilishwa waipa, raba na hata mkono, kumbe ukungu wote ulikuwa ndani. Uliondoka kwa kitambaa na spiriti ndani ya dakika kumi, na mwenye gari alikuwa ameshatumia fedha nyingi. Tangu siku hiyo sianzi kazi ya waipa bila kupitisha kidole ndani.

Jambo moja zaidi juu ya kioo. Simama nje, mwombe mtu amulike tochi kutoka ndani ikiwa imelala kwa pembe. Kama unaona vitone vidogo vingi vinavyometameta, huo ni mchanga wa barabarani uliokidonoa kioo miaka mingi. Vitone hivyo hutawanya taa, na hakuna waipa wala polishi itakayoviondoa. Na kama kuna mfereji uliochimbwa na chuma cha fremu baada ya raba kuchanika, ukucha wako ukikwama ndani yake, raba yoyote utakayoweka itaacha mstari hapo. Kwa hayo mawili dawa ni kubadilisha kioo, na nakuomba usiikwepe gharama yake, kwa kuwa tatizo liko mbele ya macho yako.

Sasa mkono. Kuruka upande mmoja tu, kwenye raba mpya, kunanifanya niutuhumu mkono uliopinda kuliko kitu kingine. Haupindi wenyewe. Unapindwa na mtu anayeinua waipa kwa kushika ncha wakati wa kuosha, na brashi za mashine za kuoshea magari, na anayelazimisha raba mpya iingie kwenye ndoano isiyo yake. Jiulize kama tatizo lilianza baada ya siku kama hiyo.

Kulipima, washa waipa kisha zima gari kwa ufunguo mkono ukiwa katikati ya kioo, ubaki hapo. Vua ile waipa yenyewe uache mkono mtupu, lakini kabla ya hapo tandika taulo nene juu ya kioo. Usiruke hatua hii. Mkono una springi kali, na ukiponyoka bila raba unakipiga kioo kama nyundo. Vioo vingi vimepasuka kwa ajili ya kazi ya dakika mbili. Ushushe taratibu hadi karibu na kioo, kisha chuchumaa utazame ncha yake, pale ndoano inapokaa. Ubapa wa ncha unatakiwa uwe sambamba na kioo. Ukiona umeinama upande mmoja, mgongo wa waipa nao unainama hivyohivyo, na mdomo unapinduka vizuri upande mmoja na kukataa upande mwingine.

Kwa kuwa yako inaruka ikishuka, nategemea utakuta mgongo umelalia juu. Ikipanda, mdomo unabaki nyuma na mambo ni shwari. Ikishuka, mdomo unakuwa umetangulia mgongo, unajichimbia. Dawa ni kuusokota mkono kidogo ili mgongo ulalie chini, yaani uelekee kule kule inakoruka. Inua mkono juu ya kioo, shika sehemu ya chini ya ubapa kwa spana ya kurekebishwa iliyozungushiwa kitambaa, na kwa spana ya pili usokote karibu na ncha. Ya kwanza inaushikilia mkono ili nguvu isifike kwenye egemeo, pale mkono unapokunjika, wala kwenye meno ya shafti, ule mhimili unaouzungusha mkono. Sokota kidogo kuliko unavyodhani. Nyuzi mbili tatu za pembe zinatosha, kisha rudisha waipa, mwagia maji, ijaribu. Ukizidisha, itaanza kuruka ikipanda, na hapo utajua umepita. Rudi nyuma nusu. Sijui kazi nyingine kwenye gari ambayo kusokota kidogo namna hiyo kunaleta utulivu mkubwa kiasi hicho. Kama mkono ni wa alumini au una kutu ya kula chuma, usiusokote, utakatika, huo ubadilishe.

Ukiwa hapo hapo, pima springi. Inua mkono wa dereva kisha wa abiria, ulinganishe uzito. Wa dereva ukiwa mwepesi waziwazi, springi imechoka au egemeo limeshikwa na vumbi na kutu. Tone la mafuta kwenye pini ya egemeo, ukiinua na kushusha mkono mara kadhaa, mara nyingi hurudisha uhai. Pangusa yanayobaki yasidondokee kioo. Mgandamizo huu si jambo la pembeni. Mary Anderson wa Birmingham, Alabama, alipopata hataza (haki ya uvumbuzi) ya kifaa chake cha kufutia kioo mwaka 1903, dereva alikuwa akivuta wenzo kutoka ndani kwa mkono, na tayari Mary alikuwa ameweka kwenye kifaa hicho uzito wa kukandamiza raba isiachane na kioo. Mota haikuwepo, lakini mgandamizo ulikuwepo.

Michirizi nayo ina lugha yake. Mstari mwembamba mmoja au miwili iliyonyooka ni mchanga chini ya mdomo au mdomo uliochanika. Ukanda mpana usiofutwa katikati au nchani maana yake waipa hailali sawa na mviringo wa kioo: kwa zile za fremu, viungo vyake vimekaza, kwa zile bapa zisizo na fremu, ubavu wake haukuumbwa kwa kioo chako. Gari lenye kioo kilichopinda sana huchagua waipa zake, na urefu wa upande wa dereva mara nyingi si sawa na wa abiria. Pima kwa futi kabla ya kununua, usinunue mbili zinazofanana kwa kukadiria macho.

Raba nzuri hudumu kati ya miezi 6 na 12, chini ya hapo kwenye jua kali, na adui wake mkuu ni kusuguliwa pakavu. Ukikuta vumbi kwenye kioo, mwaga maji kwanza, kisha ndipo waipa. Manyunyu yakiwa haba, tumia mwendo wa vipindi. Ndiyo kazi iliyomfanya Robert Kearns wa Marekani kuubuni katika miaka ya 1960, akiufananisha na jicho linalopepesa mara kwa mara bila kukesha likifuta. Raba ifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kila unapoosha gari, kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kuikwaruza. Weusi kidogo utatoka; usisugue mpaka utoweke, kwa sababu raba nyingi zina tabaka jembamba la grafiti la kuzifanya ziteleze, na ukilimaliza umezirudisha kwenye kelele. Petroli, dizeli, grisi na dawa ya kung'arisha matairi visiikaribie kabisa: mafuta huivimbisha raba, silikoni huacha utando uleule tuliohangaika kuutoa. Na kama uko mahali pa baridi, waipa zilizoganda juu ya kioo usiziwashe. Meno ya mkono hulika au fyuzi inaungua.

Tuje kwenye kusimama njiani, ambako ulielekezwa mota.

Waipa hazijui zilipo. Kinachozipeleka chini baada ya kuzima ni swichi ndogo ndani ya kasha la mota: kisahani cha shaba kilichokatwa sehemu moja, kinachozunguka pamoja na gia kubwa, na vidole vya chuma vinavyoteleza juu yake. Ukizima kwa swichi, umeme mwingine unaendelea kuifikia mota kupitia kisahani hicho mpaka ule mkato ufike, hapo unakatika na mota inafungwa breki. Kwa hiyo uliza hivi: ukizima, zinakufa palepale, au zinaendelea kidogo kisha zinachoka? Zikifa palepale, njia hii ya pili ya umeme haifiki. Mara nyingi ni grisi iliyoganda au maji yaliyoingia na kutia kutu kisahani, wakati mwingine ni rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) au swichi ya usukani. Zikichoka njiani, hasa kioo kikiwa kikavu, mota inabeba mzigo kuliko nguvu inayopata.

Anza na mzigo. Toa fyuzi ya waipa au kichwa cha betri kwanza, kwa sababu fito zinazounganisha mota na mikono zina nguvu ya kuvunja kidole, na mota inaweza kuamka ghafla ukiigusa. Weka alama ya utepe kwenye kioo pale kila waipa inapolala, fungua nati, uvute mkono. Ukikataa, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, subiri, utikise upande hadi upande. Usiubenue kwa bisibisi dhidi ya kioo. Chini ya plastiki iliyo kati ya kioo na boneti kuna mfereji wa maji, na nategemea utakuta majani. Majani huziba tundu za kutolea maji, maji yanatuama, na shafti za waipa pamoja na mota zinalala ndani ya unyevu. Yatoe yote. Kisha bandua fito kwenye mota, uzungushe kila shafti kwa vidole. Inatakiwa izunguke bila kukaza. Ukilazimika kutumia koleo, umepata mwizi wa nguvu zako: mafuta ya kulegeza, izungushe mpaka itoke, kisha grisi. Na kama viungo vya gololi vya fito vinachezacheza, hivyo ndivyo vinavyofanya waipa ipige kingo za kioo ikifika mwisho. Kikichomoka kabisa, utasikia mota inaunguruma lakini waipa moja au zote hazisogei.

Mzigo ukiwa mwepesi, nenda kwenye umeme. Rudisha fito na mikono mahali pake, rudisha fyuzi, chukua mita na uwashe waipa kwenye kioo kilicholowa. Pima kati ya waya wa ethi wa mota, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, na hasi ya betri. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi ina kutu. Kwangua chuma, kaza boliti, na mota "iliyokufa" huenda ikafufuka. Ethi ikiwa nzima, zima swichi ya waipa huku ufunguo ukiwa umewashwa, kisha pima waya wa kurudisha waipa chini kama una umeme. Ukiwa nao na waipa bado zinafia njiani, fungua kasha la gia la mota kama lina skrubu, safisha kisahani kwa dawa ya kusafishia sehemu za kugusanisha umeme, nyosha vidole vyake taratibu, paka grisi kidogo sana. Nimezifufua mota nyingi hivi. Dalili moja tu hunifanya nianze na mota yenyewe: mwendo wa polepole umekufa na wa kasi unafanya kazi. Mota nyingi za waipa zina kaboni tatu (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka), mbili za mwendo wa polepole na ya tatu iliyokaa kando kwa ajili ya kasi, na kaboni ya mwendo mmoja peke yake ikiisha, mwendo huo unapotea. Hata hapo pima kwanza swichi kama inautoa umeme huo.

Maji ya kuoshea yasiporuka, sikiliza pampu. Ikilia bila maji, ni bomba lililochomoka au tundu zilizoziba, zifungue kwa sindano nyembamba. Isipolia, anza na fyuzi. Tangini tumia dawa yake maalumu. Sabuni ya vyombo ukiiacha humo hutoa povu na kuganda kwenye tundu.

Baada ya yote haya kama mota imethibitika kufa, inunue, ukilinganisha soketi na namba ya ile ya zamani. Usiifunge pamoja na mikono moja kwa moja. Iunganishe kwenye soketi yake ikiwa peke yake, washa, kisha izime ukiacha ufunguo umewashwa, ijipeleke yenyewe mahali pake pa kulala. Ikishasimama, rudisha fito, halafu ndipo uweke mikono kwenye zile alama za utepe ulizoacha juu ya kioo, na ukaze nati.